Baba Aliyevunjika Miguu

Wazo la kwanza la filamu After Earth halikuwa na chombo cha angani hata kimoja. Will Smith alipoanza kuliwaza, ilikuwa hadithi ya baba, mwanawe na gari lao. Wanapata ajali huko milimani, mbali na watu. Baba anaumia asiweze kutembea, na kijana inambidi aingie porini peke yake kutafuta msaada. Hadithi yote ilikuwa hiyo, na ilitosha. Kisha ikasogezwa mbele miaka elfu moja. Gari likageuka chombo cha kuruka baina ya nyota, milima ikawa Dunia nzima isiyo na mtu, bajeti ikapanda hadi dola milioni 130, na M. Night Shyamalan akaitwa kuiongoza. Tarehe 31 Mei 2013 ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani, wahakiki waliikung'uta bila huruma. Nyumbani kwao iliingiza takriban dola milioni 60. Mauzo ya nchi nyingine ndiyo yaliyoifikisha zaidi ya milioni 240.

Miaka imepita na wengi wameisahau. Wanaoikumbuka huitaja kama mfano wa nyota tajiri aliyemnunulia mwanawe filamu. Sikubaliani na hukumu hiyo. Ndani ya After Earth kuna filamu nzuri iliyofukiwa ikiwa bado inapumua. Aliyeifukia si Shyamalan, wala si kijana Jaden Smith aliyebebeshwa lawama zote. Ni baba aliyeshindwa kukubali kuonekana ameanguka.

Kwa ambaye hajaiona, mambo yako hivi. Wanadamu wameihama Dunia wakahamia sayari iitwayo Nova Prime. Huko maadui wao wamewaletea madude yanayoitwa Ursa, yasiyo na macho, yanayomtafuta mtu kwa kunusa woga wake. Jenerali Cypher Raige, anayeigizwa na Will Smith, alikuwa wa kwanza kugundua kwamba mtu asiyeogopa kabisa haonekani na Ursa. Anaweza kupita mbele yake kama hewa. Ugunduzi huo umemfanya shujaa wa taifa zima. Mwanawe Kitai, anayeigizwa na Jaden, mwana wa kumzaa wa Will mwenyewe, ni kijana wa rika la miaka kumi na tatu aliyeshindwa kupandishwa kuwa askari. Miaka kadhaa nyuma dada yake, Senshi, aliuawa na Ursa mle mle nyumbani wakati Kitai amefichwa, akiona kila kitu. Mama anamsihi mumewe amchukue kijana kwenye safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu, wapate kufahamiana. Chombo kinaanguka. Wote wanakufa isipokuwa wao wawili. Baba amevunjika miguu yote miwili. Kifaa cha kuita msaada kimo kwenye mkia wa chombo, na mkia umeangukia kilomita 100 kutoka walipo.

Hapo kijana anaingia msituni, na baba anabaki kwenye kiti akimwongoza kwa redio.

Itazame vizuri picha hiyo ya baba kwenye kiti. Mbele yake kuna vioo vinavyomwonyesha kila kitu: mapigo ya moyo wa mtoto, joto la mwili wake, wanyama wanaomkaribia, njia iliyo mbele. Anamwona kutoka juu, kutoka nyuma, kutoka pembeni. Sauti yake inaingia sikioni mwa kijana muda wote: simama, piga goti, usikimbie, vuta pumzi, hesabu dawa. Hakuna baba katika historia ya sinema aliyekuwa na habari nyingi hivyo kuhusu mwanawe, na hakuna aliyemfahamu kwa uchache hivyo. Mazungumzo yao ni ripoti na amri. Kijana anaitikia kama askari anavyomwitikia mkubwa wake.

Sisi wa huku tunamjua baba wa namna hii bila kuhitaji sayari nyingine. Maelfu ya watoto wa Afrika Mashariki wanalelewa na sauti ya simu. Baba yuko Muscat, au Dubai, au mgodini, au kwenye lori la safari ndefu, na kila jioni au kila Jumapili anapiga: soma kwa bidii, msikilize mama, usitembee usiku, nimetuma ada. Hayo ni mapenzi, sina shaka, tena mapenzi yanayogharimu mgongo wa mtu. Lakini mtandao hukatika. Ndani ya After Earth unakatika kweli, na dakika zile ambazo Kitai hasikii tena kitu sikioni ndizo pekee ambazo msitu unaanza kuwa msitu. Ghafla mtoto ana kile tu alichopandiwa zamani, kabla ya ajali. Na tunagundua kwamba amepandiwa kidogo sana.

Kuna tukio moja ambalo wahakiki wengi walilipita, nami nadhani ndilo ufunguo wa filamu nzima. Kitai amepewa vichupa sita vya dawa ya kumwezesha kupumua hewa ya Dunia. Nyani wanamkurupusha, anakimbia, anaanguka, na baadhi ya vichupa vinavunjika. Bila dawa atakufa, hilo analijua. Baba akimuuliza kwa redio amebakiwa na vingapi, kijana anadanganya. Anasema viko salama.

Fikiria kidogo. Yuko peke yake katika pori lenye kila aina ya mauti, na mtu mmoja tu anayeweza kumsaidia kupanga njia ndiye anayefichwa ukweli. Kwa nini? Kwa sababu anamwogopa baba kuliko anavyoogopa kukosa pumzi. Woga unaomweka Kitai karibu na kaburi si ule wa Ursa. Ni woga wa kuonekana ameharibu tena mbele ya yule yule ambaye hajawahi kuharibu. Filamu inatumia saa nzima na nusu kumponya mtoto woga wa madude, na woga huu wa pili haiutaji hata kwa jina.

Ndiyo maana somo la Cypher linanikera. Anamfundisha mwanawe kwamba hatari ni ya kweli ila woga ni jambo la kujiamulia, kwamba woga ni fikra tu kuhusu mambo ambayo bado hayajatokea na pengine hayatatokea. Maneno hayo yalibandikwa hata kwenye mabango ya matangazo. Yanasikika vizuri. Lakini mtu aliyewahi kulinda mahindi usiku karibu na hifadhi, au kuvuka mto wenye mamba, atakwambia kwamba woga ndio uliomrudisha nyumbani. Wazee waliliweka wazi: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwoga atachekwa, lakini wanaomcheka watamkuta yu hai. Methali hiyo haimsifu mtu anayekimbia kila kivuli. Inamkumbusha kijana kwamba mwili wake unajua jambo, na kwamba nyumba inayopokea maiti ya shujaa haina cha kusherehekea. Anayezoea kuzima woga wake huzima pia masikio yake.

Na pori lenyewe la After Earth limejengwa na watu wasiolisikiliza pori. Tunaambiwa kwamba kila kiumbe wa Dunia amebadilika kimaumbile ili amuue mwanadamu. Lakini wanadamu wameondoka miaka elfu moja iliyopita! Mnyama angebadilikaje kwa ajili ya windo lisilokuwepo? Isitoshe, miaka elfu moja ni muda mfupi mno kwa wanyama wakubwa kugeuka maumbile. Kila usiku ardhi inaganda barafu, lakini asubuhi msitu umestawi kijani kana kwamba hakuna kilichotokea. Msitu tunaouona ni wa kweli, umepigwa picha Costa Rica na kwenye miti mikubwa ya redwood ya Humboldt, kaskazini mwa California, miti inayoweza kupita urefu wa mita 100. Mahali penye uzito kama huo hapahitaji kuongezewa uadui wa kubuni. Pori halikuchukii. Halikujui. Hilo ndilo linalotisha, na ndilo ambalo filamu nzuri za porini huliheshimu.

Hata hivyo, katikati ya upuuzi huo kuna ndege.

Kitai ananaswa na ndege mkubwa kama tai, anapelekwa kwenye kiota chenye makinda. Wanyama wa jamii ya paka wanakishambulia kiota. Kijana, badala ya kutoroka, anapigana kuyalinda makinda, anashindwa, na makinda yote yanauawa. Ndege anabaki na kilio. Baadaye Kitai anaishiwa nguvu usiku unapoanza kuganda, analala pale alipoanguka, na ilikuwa afe. Anapozinduka asubuhi yuko ndani ya shimo, amefunikwa kwa majani na matawi, na juu ya shimo yuko yule ndege aliyetandaza mabawa yake, amekufa kwa baridi. Alimburuta mtoto asiye wake akamkinga kwa mwili wake usiku kucha.

Hakuna neno hata moja linalosemwa. Mzazi aliyewapoteza wanawe amempa joto lake lote mtoto wa mwingine. Wakati huo huo baba wa kuzaa yuko kwenye kiti chake, akiwa na vipimo vyote. Sijui kama Shyamalan alikusudia tulinganishe, lakini mtazamaji hawezi kuacha kulinganisha. Kama filamu ingekuwa na ujasiri wa kumfikisha Cypher mahali alipofika yule ndege, tungekuwa tunaizungumzia kwa sauti nyingine leo.

Kwa nini haikumfikisha? Mwaka 2021 Will Smith alitoa kitabu cha maisha yake, kiitwacho Will, na jibu limo humo. Anaanza kwa kusimulia woga. Anasema akiwa na umri wa miaka 9 alimwona baba yake akimpiga mama yake hadi akaanguka, naye hakufanya kitu. Tangu siku hiyo alijihesabu kuwa mwoga, na anaeleza kwamba yule Will Smith ambaye dunia inamjua, mcheshi, mshindi, asiyechoka, alijengwa ili kumficha yule mtoto.

Mtu akisoma hayo kisha akarudi kwenye After Earth, atashtuka. Kuna mtoto aliyejificha huku mwanamke wa nyumba yao akishambuliwa. Kuna aibu isiyosemwa. Kuna mwanamume mkubwa anayesema woga ni wa kujitakia na anayeweza kuufuta mwilini mwake kama anavyofuta jasho. Wazo la hadithi lilikuwa lake mwenyewe, Will. Alikuwa anaandika jeraha lake, na papo hapo akajichagulia nafasi ya mtu asiye na jeraha. Mtoto mwenye aibu akampa Jaden amwigizie.

Sisemi hivyo kumhukumu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulimlipia tiketi ili asishindwe. Tulimwona kwenye Bad Boys mwaka 1995, kwenye Independence Day mwaka 1996, kwenye Men in Black mwaka 1997, na kila mara tulitoka na uhakika kwamba huyu bwana atavuka. Ni vigumu kwa mtu aliyelipwa miaka ishirini ili asitetereke kulala kitini mbele ya kamera akalia kwa uchungu wa mguu na hofu ya kumpoteza mwana. Cypher anajishona mshipa mwenyewe, anakataa dawa ya maumivu ili asisinzie, uso haumbadiliki. Smith amefuta haiba yake yote, sauti ameipausha. Ni kazi ngumu aliyoifanya, lakini imeielekeza filamu njia isiyo yake. Hadithi iliyomhitaji baba amhitaji mwanawe imepewa baba asiyemhitaji mtu.

Na gharama aliilipa mtoto. Mwezi Machi 2014, wale wanaotoa tuzo za kejeli za Golden Raspberry walimtangaza Jaden kuwa mwigizaji mbaya kuliko wote wa mwaka, baba yake mwigizaji msaidizi mbaya kuliko wote, na wawili hao kwa pamoja wakapewa tuzo ya waigizaji wawili wasioendana. Jaden alikuwa na miaka 15. Watu wazima walikaa, wakapiga kura, wakacheka, wakaenda kulala. Naona aibu kwa niaba yao hadi leo. Mtoto aliyefanya alichoelekezwa, katika filamu aliyotungiwa na baba, iliyoongozwa na mtu mzima na kulipiwa na kampuni kubwa, ndiye aliyesimamishwa mbele ya dunia azomewe. Will ameandika kwamba kilichomuuma zaidi kuliko fedha ni kuona Jaden akibeba kipigo hicho, na kwamba kijana wake alipofikisha miaka 15 alimuuliza habari za kujitenga na wazazi kisheria ajitegemee. Moyo wa baba ulivunjika. Mwishowe Jaden hakuondoka.

Hiyo ndiyo filamu ya porini ya kweli: baba aliyemwongoza mwanawe hadi mahali pa hatari akiamini anamjenga, na akashindwa kumkinga walipofika. Hakuna aliyeipiga picha.

Cha ajabu ni kwamba wawili hawa walikwisha kuifanya kazi hii vizuri. Mwaka 2006, Jaden akiwa mdogo sana, walicheza pamoja The Pursuit of Happyness, kisa cha Chris Gardner, baba asiye na makazi katika jiji la San Francisco. Usiku mmoja wamekosa pa kulala. Wamekaa kwenye kituo cha treni, na baba anabuni mchezo: mashine aliyobeba imewarudisha zamani za madubwana ya kale, wakimbie, wajifiche pangoni. Pango lenyewe ni choo cha kituo. Wanajifungia humo, mtoto analala mapajani pake, mtu anagonga mlango kwa nguvu, na baba anaziba sikio la mwanawe kwa kiganja huku machozi yakimtoka. Pale anaogopa. Anaogopa waziwazi, mtazamaji anaona, mtoto tu ndiye haoni. Tukio hilo lina pori zaidi kuliko dakika zote 100 za After Earth, na halikuhitaji mnyama yeyote. Ilitosha kwamba baba ameishiwa na bado anatoa.

Ukitaka kujua wazo lile la gari na milima lingefikia wapi, tafuta filamu iitwayo Walking Out. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2017. Imeongozwa na ndugu pacha, Alex na Andrew Smith, watoto wa jimbo la Montana wasio na undugu na Will, kutokana na hadithi fupi ya David Quammen, mwandishi ambaye wengi wanamfahamu kwa Spillover, kitabu chake kuhusu magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuingia kwa watu. Ni filamu ndogo. Kijana David, anayeigizwa na Josh Wiggins, ana umri wa miaka kumi na minne na anaishi na mama yake. Anakwenda kumtembelea baba yake, Cal, anayeigizwa na Matt Bomer, ambaye amejitenga peke yake milimani. Baba anataka kijana awinde moose wake wa kwanza, mnyama wa misitu ya baridi aliye mkubwa kama farasi. Kijana hataki sana, ana simu yake, hajui aseme nini. Wanaingia kwenye theluji.

Kisha kunatokea purukushani na dubu. Baba anaumia vibaya, na risasi iliyomwumiza imetoka kwenye bunduki aliyoishika mwanawe. Hakuna redio. Hakuna vioo. Kuna theluji, damu, nguo zilizoloa, na umbali wa kutembea hadi barabarani. Kinachotisha hapo ni baridi. Mtu aliyelowa akapigwa na upepo wa milimani hupoteza joto haraka, mikono inakataa kushika, akili inaanza kuzungumza isivyoeleweka, na anayekufa kwa baridi mara nyingi hajui kwamba anakufa. Kijana anafanya jambo pekee lililobaki. Anambeba baba yake mgongoni.

Sitasema mwisho wake. Lakini nitasema kilichonishika. Mle ndani baba hamwambii mwanawe asiogope. Tangu walipoanza safari amekuwa akimsimulia habari za babu, anayeigizwa na Bill Pullman: jinsi yeye Cal alivyopelekwa naye porini akiwa mdogo, alichokifanya kwa pupa, alichojutia. Hadithi hiyo inaendelea kuja kidogo kidogo huku hali ikizidi kuwa mbaya. Cal si baba hodari sana. Ana kiburi, amempeleka mtoto mbali kupita kiasi, na kosa la kupima hali ya mlima ni lake. Lakini anafika mahali anaposhika shingo ya mwanawe kama mtoto, uzito wake wote umo juu ya mabega ya kijana ambaye hajamaliza kukua, naye anakubali. Kijana anayumba, anaanguka, anainuka, anambeba tena. Baada ya hapo hakuna haja ya mtu kuthibitisha kwamba kijana amekuwa mtu mzima.

Will Smith ana tukio lake la namna hiyo, na amelisimulia katika kitabu kile kile. Baba yake alipokuwa mgonjwa sana, karibu na kifo chake mwaka 2016, Will alikuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kutoka chumbani kwenda msalani. Njiani kulikuwa na ngazi. Usiku mmoja, anasema, ilimpitia akilini kwamba angeweza kumsukuma mzee atumbukie, alipe kisasi cha mama yake. Akaacha wazo lipite, akampeleka msalani. Nimelisoma hilo na kulirudia, kwa sababu humo kuna hasira, huruma, woga na uzito wa mwili wa mzazi, vyote mahali pamoja. Mtu aliyepita katika ushoroba huo alikuwa na filamu kubwa kuliko sayari zote mikononi mwake.

Wazee wetu wa pwani na wa kusini walijua kitu kuhusu jambo hili. Kijana alipofikia umri wa jando hakukabidhiwa kwa baba yake. Alipelekwa kumbini, akawekwa chini ya kungwi, na baba akabaki nyumbani akingoja. Yalikuwepo maumivu na ukali mwingi huko, mengine hayafai kurejeshwa. Lakini kumweka mtu wa tatu kati ya baba na mwana kulikuwa na hekima. Baba ana mengi mno ya kupoteza. Ana jina lake, ana aibu zake za zamani, ana baba yake mwenyewe anayemsumbua kichwani. Akiwa yeye ndiye mtahini, huishia kujitahini mwenyewe kwa mwili wa mtoto. Cypher Raige alifanya hivyo kwenye sinema, na Will Smith akafanya hivyo hivyo nyuma ya kamera.

Mwisho wa After Earth una cheche. Kitai ameshinda, msaada umefika, baba amelazwa kwenye machela. Anaamuru ainuliwe asimame kwa miguu yake iliyovunjika ili ampigie mwanawe saluti. Kijana anairudisha, kisha anamkimbilia na kumkumbatia, na anamwambia kwamba anataka kufanya kazi na mama. Baba anajibu kwamba hata yeye. Baada ya dakika tisini za woga na ushujaa, kijana anatamka kwamba hataki kabisa kuwa kama baba yake, na baba, kwa mara ya kwanza, anakubaliana naye. Filamu ilipaswa kuanzia pale.

Watunzi wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanayo hadithi ile ya awali bure. Baba, kijana wa shule, pikipiki iliyokufa mbali na lami, mguu uliovunjika, usiku unaoingia. Haihitaji milioni 130, wala milioni moja. Inahitaji mwigizaji wa kiume aliye tayari kubebwa, na mwongozaji asiyeharakisha kumrudishia heshima yake.

Na kwako, baba mwenye kijana wa rika lile: itazameni After Earth pamoja, pamoja na kasoro zake zote. Ukifika pale juu ya jabali, ambapo baba anaamuru safari isitishwe na Kitai, akiwa na vichupa viwili tu, anapiga kelele akimuuliza alikuwa wapi siku dada yake alipouawa, usiseme kitu. Usimweleze mwanao somo. Mwache aseme yeye. Na akikugeuzia swali hilo hilo akakuuliza wewe ulikuwa wapi, mjibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba ulikuwa unaogopa.